Kazi za Kidijitali Mbeya na Iringa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka dirishani. Kwa miaka kadhaa nimekaa nyuma ya dirisha la steshenari jijini Mbeya, si mbali na Kabwe. Naprinti, naskani, najaza fomu za watu, na jioni nafundisha vijana wachache kompyuta. Yapo maswali ninayoyajua kabla muulizaji hajaweka mkoba chini. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi ya pembeni, na pale ambapo jibu limeshatolewa nimekuelekeza kwenye namba yake.

## Ya kuanzia

1. "Kazi ya kidijitali" ni kazi gani hasa?

Wengi wakisikia neno hilo wanamwona kijana wa Dar mwenye spika za masikioni anayeandika programu za Wazungu. Vijana hao wapo. Lakini huku kwetu kazi nyingi za namna hii hazijui kwamba zina jina hilo. Wakala wa miamala anafanya kazi ya kidijitali. Vivyo hivyo fundi simu wa Mwanjelwa, binti anayeingiza hesabu za duka la jumla kwenye kompyuta, anayesajili wakulima kijijini, na yule anayempigia mnunuzi wa Dar picha za parachichi za Rungwe. Hata mwalimu wa msingi anayewaelekeza wenzake kutumia vishikwambi, vile vilivyofanya kazi kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha wakagawiwa walimu, yumo.

Ukiziangalia kwa karibu, nyingi zinafanana kwa jambo moja: mfanyaji amesimama kati ya skrini na mtu ambaye skrini imemshinda, au hana muda nayo. Hapo ndipo pesa ya mkoani ilipo. Shida ni kwamba nafasi hiyo huhama, na kwa sehemu kubwa maswali yaliyobaki yanahusu kuhama huko.

2. Lazima niwe na digrii?

Inategemea nani anakulipa. Ukitaka ajira ya serikali kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, bila cheti huvuki hata ukurasa wa kwanza. Kwa njia hiyo soma. Mbeya kuna MUST, iliyoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo kote kuwili.

Mwenye duka la vipuri pale Soweto hakuulizi cheti. Anakuuliza, "Kazi yako nyingine iko wapi niione?" Nimeona mhitimu wa shahada akinyamaza kwa swali hilo, na nimeona aliyeishia kidato cha nne akitoa simu mfukoni na kuonyesha kazi kumi na mbili. Fanya vyote viwili ukiweza. Usisubiri kumaliza kimoja ndipo uanze kingine.

3. Nina simu tu, sina laptopu. Naweza kuanza?

Unaweza, ila si kwa kila kazi. Programu za kompyuta na hesabu kubwa zitakutesa kwenye skrini ya inchi sita. Picha, video fupi, matangazo ya duka na kadi za mwaliko zinafanyika vizuri.

Nikupe mfano wa kadi. Zamani kamati ya harusi ilikuja kwetu na orodha, tukaprinti kadi mia tatu kwenye karatasi ngumu, na vijana wakazunguka nazo hadi Uyole na Mbalizi. Siku hizi mweka hazina wa kamati ana orodha ya ahadi kwenye simu. Kijana mmoja ninayemfahamu anachukua orodha hiyo, anatengeneza kadi moja, kisha anaandika jina la kila mgeni na kumtumia WhatsApp. Kila kadi ina msimbo wake wa kuskani, na ukisomwa mara ya pili mlangoni simu inakataa. Usiku wa harusi yeye mwenyewe yuko mlango wa ukumbi na koti zito, maana Mbeya ya Juni unaijua, anaskani huku akibishana na mjomba aliyekuja na watu watatu kwa kadi ya mmoja. Kazi yote hiyo anaifanya kwa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Sisi wa kuprinti tulipoteza kadi mia tatu, yeye akapata kazi ambayo miaka kumi nyuma haikuwepo.

Laptopu itakuja. Akipata harusi nne tano kwa msimu, anaweza kununua iliyotumika.

4. Nianze na ujuzi gani?

Nitakushangaza: jedwali la hesabu. Si video, si programu. Jifunze kupanga safu na nguzo, kujumlisha, kuchuja, na kutoa ripoti ya mwezi inayosomeka. Kila mtu anayeuza kitu Nyanda za Juu Kusini ana daftari lenye madoa ya mafuta ya taa, na ndani yake kuna majibu ya maswali anayojiuliza kila siku: nani ananidai, nani namdai, mzigo gani unaniliza. Ukimtolea majibu hayo mara moja, mwezi ujao atakutafuta mwenyewe.

Mteja wa kwanza asiwe wa Marekani. Awe mtu unayeweza kumfikia kwa bajaji. Atakuonyesha makosa yako uso kwa uso, na akichelewesha malipo unajua pa kwenda kukaa mpaka alipe.

## Soko, shamba na watu

5. Simu imemwondoa dalali?

Haijamwondoa. Imempunguzia siri. Kabla ya simu za mkononi, mkulima wa viazi wa Uporoto hakuwa na njia ya kujua bei ya Kariakoo ya siku ileile. Dalali alijua, na pengo hilo ndilo lililomlisha. Leo mkulima anapiga simu kwa mpwa wake Dar kabla lori halijafika shambani.

Mbona basi dalali bado yupo, na lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo, bado ipo? Kwa sababu bei ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Dalali anajua lori lipi linashuka leo na dereva gani si mlevi. Anajua mnunuzi yupi akisema "nitakutumia kesho" hutuma kweli. Na kiazi hakionjwi kwenye picha: cha juu ya gunia kinang'aa, cha katikati kimeoza. Simu haijafunua gunia bado.

Ndiyo maana vijana wanaokuja na wazo la programu ya kumuunganisha mkulima na mnunuzi moja kwa moja huwa nawauliza: gunia likifika bovu, nani anabeba hasara? Ukiwa na jibu la hilo, una biashara. Usipokuwa nalo, una ukurasa wa matangazo tu.

Kakao ya Kyela ni jambo jingine. Inapita kwenye stakabadhi ghalani na minada ya mtandaoni ya soko la bidhaa la TMX. Pale kuna ghala na mtu aliyepima na kupanga ubora kabla mnunuzi hajabofya. Teknolojia imefanya kazi kwa sababu mzani umetangulia.

6. Kwa nini sasa mkulima anadaiwa namba kwa kila kitu?

Kwa sababu ruzuku hufuata orodha. Tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku inatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo, na wakala anamhudumia kwa namba yake. Faida yake ni kwamba hewa imepungua, kwa maana ya majina ya watu wasiokuwepo. Hasara yake tunaiona dirishani: mzee aliyepoteza laini ya simu, au ambaye jina lake la kitambulisho cha NIDA halifanani na la daftari la kijiji, anaonekana hayupo ilhali shamba lake analiona kila mtu.

Kurekebisha taarifa hizo kumekuwa kazi ya watu. Ukiifanya, mwambie mzee bei kabla hujaanza, na usibaki na namba yake ya siri. Tazama pia swali la 12.

7. Simu imeharibu vikoba?

Akina mama wanaouliza hili huwa hawaulizi, wanalalamika. Na wana hoja.

Kikoba cha kawaida kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walikaa nazo wanawake watatu tofauti, sanduku likakaa kwa wa nne. Siku ya kikao wote wanne lazima wawepo. Hela inamwagwa mezani, inahesabiwa kwa sauti, kila mwanachama anaitwa jina na anajibu. Asiyekuwa na hisa wiki hiyo anasema mbele ya wenzake kwamba hana, na kwa nini. Mtoto anaumwa. Mume hajarudi kutoka Chunya machimboni. Mfuko wa jamii upo hapo hapo.

Sasa vikundi vingi vimehamia kwenye simu. M-Pesa ina huduma yake ya vikundi, na wengine wanatumia tu kundi la WhatsApp na picha za ujumbe wa miamala. Usalama umeongezeka bila ubishi, kwani hakuna jambazi anayevunja nyumba kufuata sanduku. Wanachama waliohamia Makambako au Tunduma wanaendelea kuchangia. Lakini mama mmoja wa Iyunga aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Siku hizi najua nani hajalipa, sijui nani anaumwa."

Ushauri wangu kwa vikundi vinavyoniuliza ni mdogo: hamisheni fedha, msihamishe kikao. Na kwa kijana anayetafuta kazi, vikundi vinahitaji mtu wa kuwatolea ripoti ya mzunguko wakati wa kugawana. Mara nyingi wanamlipa vizuri kuliko kampuni, tena bila ankara.

8. Wazazi wanasema "nachezea simu". Niwaambie nini?

Usiwaambie, waonyeshe. Kwa mzazi, aliyekaa na jembe anafanya kazi na aliyekaa na simu anapumzika. Nunua mbolea ya debe moja kwa hela ya simu, uifikishe nyumbani. Baada ya hapo mama mwenyewe ataanza kusema, "Msimpigie kelele, yuko kazini."

## Fedha, kodi na vibali

9. Uwakala wa miamala bado unalipa?

Unalipa, lakini si kama ulivyolipa zamani. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Kabla yake, hela ya mtoto anayesoma Iringa ilisafiri kwenye bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, jina limeandikwa kwa kalamu ya mkaa, na mtoto akaisubiri stendi. Wakala wa kwanza kwenye mtaa alimeza kazi ya kondakta huyo, akapata kamisheni nzuri.

Kisha mambo manne yakaja moja baada ya jingine. Mitandao iliunganishwa, kwa hiyo kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine hakuhitaji tena kutoa hela na kuiweka upya. Tozo ya miamala ya Julai 2021 iliwafanya watu warudi kwenye noti, na hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, wengine hawakurudi haraka. Lipa Namba nayo inamwezesha mteja kulipa dukani bila kupita kwa wakala. Na mawakala wenyewe wamekuwa wengi: kwenye mtaa wetu kuna miavuli sita kwa hatua mia.

Anayefanikiwa sasa ana floti, yaani hela ya kuhudumia miamala, ya kutosha mwisho wa mwezi, yupo sehemu yenye noti nyingi, kama sokoni, mnadani au mpakani, na ana kitu kingine pembeni cha kuuza. Ukitegemea kamisheni peke yake, mwavuli utakuchosha.

10. Mteja wa nje atanilipaje?

Swali hili limevunja mioyo mingi. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Usikubali kazi ukiwa umepanga kupokea huko. Wengi hutumia Payoneer au uhamisho wa kibenki. Kubalianeni njia ya malipo na makato yake kabla ya kazi, si baada ya kazi.

Na jambo dogo ambalo halimo kwenye mafunzo: saa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandikiwa na mteja wa New York kwamba wakutane "9". Akakaa tayari saa tisa mchana, akasubiri, akakata tamaa, akaenda kucheza mpira. Saa tisa yao ni saa 3 asubuhi kwao, na kwetu ni saa 10 au 11 jioni kulingana na majira yao. Alikuwa golini mteja alipopiga. Tangu siku hiyo tunaandika saa zote mbili ukutani kwa chokaa.

11. Natakiwa kulipa kodi? Na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano?

Pata TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio. Huduma za kitaalamu zina utaratibu wake, hivyo pita ofisi ya TRA uulize ukiwa na maelezo ya kazi yako. Mtengeneza maudhui anayelipwa na kampuni ya hapa nchini akatwe asilimia 5 ya kodi ya zuio, utaratibu ulioanza na Sheria ya Fedha ya 2024. Dai cheti cha makato hayo.

Kuhusu kibali, wengi wana hofu ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, ambapo hata mwenye blogu alitakiwa kutoa zaidi ya shilingi milioni 2 kwa jumla. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ukitangaza nguo zako au kuuza mchele wa Kyela kwenye ukurasa wako, wewe ni muuzaji. Ukianza kutoa habari, hapo unaingia kwenye leseni.

## Hatari

12. Kuna kazi ya kubofya video na kulipwa kila siku, ila kwanza naweka hela. Ni kweli?

Hapana. Kazi ni wewe kulipwa. Ukilipa wewe kwanza, wewe ndiye mshahara wa mtu mwingine. Siku za mwanzo watakulipa kweli, tena kwa hela ya jirani yako aliyejiunga jana.

Kwa jamaa hiyo hiyo: ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke namba 15040. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda kaifute. Kuhusu mikopo ya kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Baadhi yao huchukua majina yote ya simu yako na kuwatangazia wakwe zako kwamba unadaiwa. Tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na tume yake unaweza kuilalamikia.

13. Intaneti ikikatika kazi yangu inakwendaje?

Itakatika. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa pia. Kijana wangu wa kadi alikuwa na harusi Jumamosi ile, akarudi kwetu kuprinti orodha ya wageni kwenye karatasi.

Kwa hiyo weka nakala ya kazi nje ya mtandao, chukua malipo ya awali, na mwambie mteja wa nje mapema kwamba nchi yako ina siku za namna hiyo. Umeme ni hadithi ileile kwa kiwango kidogo: betri ya laptopu iliyokufa si laptopu, ni kompyuta ya mezani.

## Ya pembeni

14. Akili mnemba itatunyang'anya kazi?

Baadhi, na imeanza. Kabla ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, barua za maombi ya kazi zilikuwa mkate wetu. Sasa watu wanakuja nazo zimeandikwa tayari, wanataka kuprinti tu. Zote zinafanana. Wiki moja niliprinti barua tisa zinazoanza kwa sentensi moja, za kwenda ofisi moja.

Kilichobaki ni kazi ya kuzirekebisha: kumuuliza mwombaji alifanya nini hasa, na kukiandika kwa Kiswahili ambacho mtu angesema kwa mdomo. Hiyo nailipisha zaidi ya nilivyolipisha barua nzima zamani. Wateja wamepungua, ila kila mmoja analipa zaidi. Sijui niite hiyo hasara au faida.

Zile kazi za kuweka alama kwenye picha ili kufundisha mashine, zifanye kama kibarua, usizifanye nguzo. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifunga Kenya, na waliolitegemea walikuta akaunti zimefungwa.

15. Nihamie Dar?

Kama umeitwa kazini, nenda. Kama unaenda kutafuta, piga hesabu ya chumba na nauli kwanza, kisha soma swali la 4. Mkongo wa Taifa unapita huku hadi mpaka wa Zambia, kwa hiyo intaneti si sababu tena kama zamani. Sababu halali ni watu: Dar kuna wengi wa kukufundisha. Nenda miezi sita ujifunze, rudi na kazi.

16. Nina miaka 52, nilikuwa mpiga chapa ofisini. Nimechelewa?

Mama, wewe nakutafuta. Vidole kumi unavyo tayari, vijana wangu wanachapa kwa vidole viwili. Unajua barua ya serikali inakaaje, kumbukumbu namba inakaa wapi, na unasoma mwandiko wa mzee wa Tukuyu aliyeandika shauri la shamba kwenye karatasi za daftari pande zote mbili. Hilo mashine bado inalichanganya. Kitakachokusumbua ni kuhifadhi faili na kulipata tena, na hilo ni somo la wiki mbili.

Njoo saa 10 jioni, foleni ikipungua. Uje na miwani yako, ya dukani imevunjika mkono mmoja.